Jiko la Kale Kwenye Ukuta wa Oli

Sebule ya Oli, mtaa wa Arua huko kaskazini magharibi mwa Uganda, haipendi ukuta mtupu. Hata chumba cha kupanga chenye dirisha moja utakikuta na kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi, picha ya arusi iliyokuzwa mpaka nyuso zikapoteza ukali, Ayatul Kursiy kwa herufi za dhahabu juu ya mahameli nyeusi, na zulia dogo lenye Kaaba ambalo halijawahi kutandikwa chini. Kwa jirani Mkatoliki, mahali pa Kaaba pana Moyo Mtakatifu wa Yesu. Juu ya kabati la vyombo masinia yamesimamishwa wima na chupa za chai zimepangwa mbele yake. Mtaa huu, uliokuwa divisheni ya manispaa kabla mji haujapandishwa hadhi kuwa jiji Julai 2020, umekaliwa na wafanyabiashara, familia za wanajeshi wa zamani, Wanubi, Waislamu wa Kilugbara, Waaringa, Wakakwa walioteremka kutoka Koboko na Wakongo wa njia ya Ariwara. Kila mmoja amekuja na kitu chake cha kutundika.

Sasa biashara ya mapambo imeleta kitu kingine: picha iliyochapwa juu ya bamba jembamba la alumini, bila kioo wala fremu. Ulaya na Marekani zinauzwa zenye mandhari za kila aina, zikiwemo za maisha ya nyumbani katika Zama za Kati, yaani zile karne kumi hivi kati ya mwaka 500 na 1500. Mwanamke anakanda unga, wakulima wanaota moto, watu wako mezani na mbwa yuko chini yao. Kijana wa Oli huziona kwenye simu. Mwenye jamaa London au Toronto huziona nyuma ya sofa wakati wa kupigiana simu za video. Je, picha ya namna hiyo ina mahali katika nyumba ya Oli? Na kama haina, kinachoikataa ni kitu gani? Majibu ya haraka yapo mawili: mambo ya Wazungu, au haramu. Yote mawili yana ukweli wake, na yote mawili hukata maneno kabla hatujafika kwenye jambo lenyewe, ambalo mimi naliona liko jikoni.

Tuanze na bati, maana ndilo jepesi. Picha juu ya chuma si ngeni hapa. Masinia ya enameli yaliyotoka China yamekuwa katika nyumba za Sudan na Afrika Mashariki kwa vizazi, na karibu kila moja lina picha: maua makubwa mekundu, samaki wa mapambo, tausi. Enameli ni kioo kilichosagwa na kuyeyushwa juu ya chuma kwa joto la nyuzi mia saba mpaka mia nane na ushei, na lile ua huchomwa humo humo ndani ya kioo. Kwa hiyo nyumba ya Oli imekuwa na picha za bati zamani kuliko wauzaji wa leo wanavyodhani. Tofauti ni kwamba sinia lina kazi. Siku ya Idi hupakuliwa pilau juu ya yule tausi, watu wanakula mpaka mkia wake unaonekana, kisha linaoshwa na kurudishwa juu ya kabati. Pambo lake halikutenganishwa na shughuli zake.

Bamba la alumini halipakuliwi kitu. Picha huchapwa kwanza kwenye karatasi maalumu kwa wino unaogeuka mvuke ukipata joto, kisha karatasi hiyo hubanwa juu ya bamba lililopakwa tabaka la plastiki, kwa nyuzi 200 hivi, kwa muda wa dakika chache. Wino unaingia ndani ya tabaka na kutulia humo. Kanuni ni ile ile ya kuchapa vikombe na fulana za kampeni, kazi ambayo vijana wa mijini Uganda wanaijua vizuri, ila mashine ya bamba ni kubwa na inakula umeme. West Nile, eneo lenye Arua, haikuwa imeunganishwa na gridi ya taifa mpaka mwaka 2023. Kabla ya hapo ilitegemea jenereta na mtambo mdogo wa maji wa Nyagak, wenye megawati 3.5. Kwa hali ya hewa yetu, lakini, bamba hili lina sifa. Alumini haishiki kutu nyekundu, unyevu wa masika hauikunji kama karatasi, moshi hufutika kwa kitambaa, na mchwa hawana la kufanya nalo. Anayejua mchwa wa West Nile walivyoila fremu ya picha ya babu kutoka nyuma, mpaka ikabaki rangi tu, ataelewa kwa nini hilo si jambo dogo. (Wale wale wanaoturudishia deni wakiota mbawa na kukaangwa.)

Basi bati limepita. Tugeukie picha.

Inayochapwa mara nyingi katika aina hii hutoka kwenye kitabu kimoja cha sala, Très Riches Heures, ambacho ndugu watatu wa Limbourg walimchorea Jean, mtawala wa Berry huko Ufaransa, kati ya mwaka 1412 hivi na 1416. Leo kinahifadhiwa katika jumba la Chantilly. Ukurasa wa Januari ni karamu ya bwana mwenyewe. Ukurasa wa Februari ndio wa nyumbani: theluji nje, kondoo zizini, mizinga ya nyuki imepangwa juu ya ubao, ndege wanadonoa punje, na ndani ya kibanda kilichoachwa wazi upande mmoja watu watatu wanaota moto, nguo zao nyingine zimeanikwa ukutani. Mkulima wa Terego au Koboko ataitambua mizinga kabla ya kuambiwa. Atashangaa theluji. Akisogea karibu ataona jambo ambalo wauzaji huwa hawalitaji: wawili kati ya wanaoota moto wamepandisha nguo juu kiasi kwamba hakuna kilichofichwa. Katika kitabu, jambo hilo lina ukubwa wa kucha, na mwenye kitabu alikuwa bwana mmoja tu. Kurasa zake zina kimo cha sentimita 29 hivi na upana wa 21, sawa na karatasi ya kawaida ya kuchapia. Likuzwe mpaka mita moja, litundikwe mkabala na kiti anachokalia mama mkwe, halafu mwenye nyumba aeleze historia ya sanaa.

Utani huo una hoja ndani yake. Picha nyingi za nyumbani za Zama za Kati hazikuchorwa kwa ajili ya ukuta hata siku moja. Zilikaa ndani ya vitabu vya watu wachache, zikafungwa na kufunguliwa. Kwenye kuta za matajiri wa Ulaya ya wakati ule kulikuwa na mazulia yaliyofumwa, yaliyosaidia pia kuzuia baridi ya mawe na kuviringishwa bwana alipohamia ngome nyingine. Kwa hiyo anayetundika Februari sebuleni, awe Arua au Chicago, hafuati desturi ya Zama za Kati. Anafanya jambo jipya kabisa kwa kutumia picha ya kale.

Na zile za jikoni hasa? Nzuri kuliko zote, kwa macho yangu, ziko katika vitabu vilivyoitwa Tacuinum Sanitatis, vilivyochorwa Lombardia, kaskazini mwa Italia, mwishoni mwa karne ya 14. Humo wanawake wanatandaza tambi, watu wanapika jibini, mkate unatoka tanurini. Wauzaji huzinadi kama jiko la Ulaya. Lakini maneno ya msingi ya vitabu hivyo ni ya Ibn Butlan, tabibu Mkristo wa Baghdad wa karne ya 11, aliyeandika kwa Kiarabu orodha ya vyakula, hewa, usingizi na mienendo pamoja na faida na madhara ya kila kimoja. Kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kilatini karne ya 13, na zaidi ya miaka mia baadaye wachoraji wa Lombardia wakakipa picha. Jibu la kwanza la haraka, kwamba haya ni mambo ya Wazungu tu, linaanza kuyumba hapo.

Linayumba zaidi tukifika kwa Yahya al-Wasiti. Mwaka 1237 alimaliza kunakili na kuchora Maqamat, visa vya al-Hariri wa Basra, katika nakala iliyoko Paris leo yenye picha 99. Ndani yake kuna kijiji kizima katika ukurasa mmoja: msikiti, mtende, mifugo, kuku juu ya paa, mwanamke anasokota uzi mlangoni. Katika ukurasa mwingine kuna mama aliyeshikwa na uchungu, mkunga mbele yake na wanawake ubavuni, na juu yake bwana wa nyumba anasubiri huku watu wake wakipima nyota kwa vyombo. Mkunga yeyote wa Oli atakisoma chumba kile bila mwalimu, pamoja na wanaume waliowekwa mbali na shughuli wakijipa kazi ya kuhesabu. Ikiwa mtu anataka picha ya nyumba ya Zama za Kati iliyo karibu na maisha ya Waislamu wa Arua, hii iko karibu kuliko kibanda chenye theluji.

Hapo ndipo jibu la pili, la haramu, linapoingia, na halistahili kupitwa kwa haraka, maana katika nyumba nyingi za Oli ndilo litakaloamua. Hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim inasimulia kwamba Bibi Aisha alitundika pazia lenye picha kufunika shubaka la nyumbani kwake. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliporudi safarini na kuliona, alichukizwa na kulichana. Bibi Aisha akakifanya kitambaa kile kuwa mto, au miwili. Kwa mtu anayetafiti mapambo, kisa hiki ni hazina: kuna nyumba, kuna mwanamke anayependa shubaka lake lipendeze, kuna kitambaa kutoka mbali, kuna ukuta, na kuna suluhisho la kinyumbani ambalo halikutupa kitu. Wanazuoni walichota kanuni humo. Imam Nawawi, aliyeishi Sham kati ya mwaka 1233 na 1277, alieleza kwamba picha ya kiumbe chenye roho ikitundikwa ukutani ni haramu, lakini ikiwa juu ya zulia linalokanyagwa au mto unaoegemewa, haina hukumu hiyo. Kutundika ni kutukuza. Kukalia si kutukuza. Tazama miaka: al-Wasiti alimaliza kitabu chake Nawawi akiwa mtoto mdogo. Mjadala wa picha nyumbani ni wa Zama za Kati sawa na picha zenyewe, na kitabu cha al-Wasiti kilinusurika katika mazingira hayo kwa sababu kilikuwa kitabu. Kilifungwa.

Fiqhi haina sauti moja. Wapo wanazuoni wa Maliki, madhehebu iliyotawala Sudan walikotoka wengi wa mababu wa Wanubi, walioona picha bapa isiyo na kivuli kuwa makuruhu badala ya haramu. Baada ya kamera kuja, Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, alisema picha ya kamera ni kivuli kilichoshikwa tu, haimwigi Muumba. Kwa fatwa za namna hiyo picha za arusi na za Hija zimekaa ukutani Oli bila ugomvi mkubwa. Lakini bamba lenye mchoro wa al-Wasiti ni picha ya kamera iliyopigwa juu ya mchoro wa mkono wa viumbe wenye roho, na hapo hata sheikh mpole atakuna kidevu. Ushauri wangu kwa anayeipenda ni huu: ukurasa wa kijiji ukatwe zibaki paa, mtende na mlango tu, bila watu. Hasara ni kwamba kilichokuvutia, yule mwanamke na uzi wake, ndicho kilichoondoka.

Hoja nyingine hutolewa na wasomi wa mjini: kutundika vya mbali ni kudharau vya kwetu. Pwani inatoa ushahidi wa kinyume. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyejenga Husuni Kubwa. Katika majengo ya Kilwa na jirani zake, bakuli zilizoagizwa kutoka nje zilipachikwa ndani ya chokaa ya madari, na Kunduchi sahani za Kichina zilipachikwa kwenye nguzo za makaburi. Baadaye, karne ya 18, nyumba za mawe za Lamu zikajengewa zidaka: safu juu ya safu za vishubaka vya plasta iliyochongwa, hasa katika chumba kilichoitwa ndani, cha mama wa nyumba. Mwanaakiolojia Linda Donley-Reid, aliyetafiti huko, aliona kwamba vyombo vile vilikuwa na kazi ya kukinga familia na uovu pamoja na kupendeza. Prita Meier, mwanahistoria wa sanaa, ameonyesha jinsi picha za kamera zilivyoingia katika vyumba vya pwani kama vitu vya kupamba, kwa mtindo ule ule wa kuonyesha kwamba nyumba hii ina mkono unaofika ng'ambo. Aliyepachika sahani ya China darini hakuwa mtumwa wa China. Alikuwa na marafiki, mashua na mkopo, na alitaka mgeni alijue hilo kabla ya kuketi.

Kwa kipimo hicho bamba la Ufaransa sebuleni Oli si usaliti. Ila lina upungufu: halisemi mkono wa nyumba umefika wapi. Sahani ya Kilwa ilivuka bahari ndani ya chombo cha mtu anayejulikana. Zulia la Kaaba lilibebwa na mjomba aliyehiji. Bamba la mtandaoni limefika kwa sababu kadi ya benki ilikubali. Mgeni akiuliza limetoka wapi, hakuna safari ya kusimulia.

Na Zama za Kati za hapa hapa je? Picha hatuna. Walugbara husimulia habari za mashujaa Jaki na Dribidu na milima ya Liru na Wati, na waakiolojia wa eneo pana hili husoma vigae vya vyungu vilivyotiwa nakshi kwa kuviringisha kamba juu ya udongo mbichi. Sanaa ya nyumbani ilikuwa chungu, kibuyu, mkeka na ukuta uliosiribwa kwa mkono, nayo hufa pamoja na nyumba, kisha huzaliwa upya kila kiangazi mama anapokoroga udongo tena. Anayetafuta picha ya jiko la Kilugbara la mwaka 1400 atakosa picha lakini atalipata jiko lenyewe, au karibu yake, mwendo mfupi kutoka lami: mafiga matatu, chungu, jiwe la kusagia simsim.

Kuta za hapa zina historia nyingine ambayo lazima iingie katika hesabu ya pambo lolote zito. Serikali ya Idi Amin, aliyekuwa na asili ya Kikakwa ya Koboko, ilianguka Aprili 1979. Oktoba 1980 askari wake wa zamani walivuka mpaka na kushambulia, na jeshi jipya lilipoirudisha West Nile mikononi mwake, raia ndio waliolipa. Nyumba ziliporwa na kuchomwa, watu wakakimbilia Sudan na Zaire kwa maelfu mengi. Juni 1981 waliuawa watu waliojihifadhi katika misheni ya Ombaci, nje kidogo ya Arua. Waliorudi miaka iliyofuata walikuta kuta bila mabati juu yake. Vitu vilivyonusurika katika nyumba nyingi vilikuwa vile vinavyokunjika au vinavyobebeka kichwani.

Ndiyo maana milaya inastahili kukaa juu katika uchambuzi huu. Ni shuka nyeupe au ya rangi iliyotariziwa ndege, tausi, mizabibu na maua, pindo zake zikasukwa kwa kroshia. Wanawake wa Sudan na Sudan Kusini hutarizi milaya kwa ajili ya arusi na kitanda cha mgeni, na huitundika ukutani siku ya shughuli. Siku ya kukimbia hufungiwa ndani yake nguo, sufuria na chochote kilichowahiwa. Kambi ya Bidi Bidi ilipofunguliwa Yumbe Agosti 2016, na katika miezi michache ikapokea zaidi ya watu 250,000 kutoka Sudan Kusini, milaya ziliingia nazo. Mpigapicha Nora Lorek aliwapiga picha wanawake wa Bidi Bidi mbele ya milaya zao, zimetundikwa nyuma yao zikawa ukuta mahali ambapo hapakuwa na ukuta. Mlugbara, Mkakwa au Mnubi wa Oli hahitaji kuelezwa maana ya kitambaa hicho, kwa kuwa mama yake alifanya safari ile ile kwa upande wa pili miaka ya 1980.

Bamba la alumini, kwa haki, ni jepesi pia. Mtu angeweza kulibeba kwapani. Lakini hakuna mzigo unaofungwa ndani yake.

Sasa jikoni. Picha ya mwanamke wa karne ya 14 anayekanda unga hupendeza katika nyumba yenye mashine ya kuoshea vyombo. Mwenye nyumba hiyo hajawahi kutokwa na machozi ya moshi, wala mabega yake hayajui mchi. Kwa hiyo kazi ile, ikiwa imetulia ndani ya rangi za buluu na dhahabu, humpa hamu ya maisha yaliyokuwa na uzito na joto. Hamu hiyo haina kosa. Kila jamii hutamani ilichokiacha. Lakini inahitaji umbali. Huwezi kutamani jiko la kuni ukiwa umekaa mbele yake unapuliza. Kwa mama wa Oli ambaye asubuhi amenunua mkaa kwa kopo na jioni atasonga enyasa ya muhogo, picha ya mwanamke anayesonga unga haimwambii habari. Inamtazama tu akifanya kazi. Hapo ndipo naona kikwazo cha kweli: bamba lile hutangaza kwamba kazi ya jikoni imekuwa historia, na katika nyumba nyingi za mtaa huu bado ni leo.

Nasema nyingi, sisemi zote. Gesi imeingia, gridi imeingia, vijana wamezaliwa Bombo na Kampala na hurudi kwa Idi tu. Na tayari kuna chombo kinachopita mbele ya macho yetu kutoka jikoni kwenda ukutani: tabaga. Ni ungo bapa wa Kinubi, unaoanza na kifundo katikati na kuzungushwa kwa majani yaliyotiwa rangi, waridi kali, zambarau, kijani, chungwa, mpaka upate upana wa sinia. Wanawake wa Kinubi wa Arua, Bombo na Kibera wameusuka kwa vizazi ili ufunike chakula kinachopelekwa kwa wageni, kama kawa ya pwani. Mfumo wa rangi humtambulisha msukaji kwa wanaojua kuusoma. Katika nyumba za wazee tabaga ilitundikwa ukutani kati ya mlo na mlo, kwa kuwa msumari ndio ulikuwa kabati, na uzuri wake ulionekana bila gharama. Katika nyumba za wajukuu, chakula kinafunikwa kwa vifuniko vya plastiki au kubaki ndani ya chombo cha kuhifadhi joto, na tabaga haiteremki tena. Zinatundikwa tatu tatu juu ya sofa. Mgeni akiiteremsha moja ili afunike wali, atatazamwa.

Hivyo ndivyo jiko la Lombardia lilivyogeuka pambo, ila huko ilichukua miaka mia sita na hapa tunaiona ikitokea ndani ya ukoo mmoja. Swali la bamba la Zama za Kati kwa hiyo limechelewa au limewahi, inategemea unasimama mlango upi. Bibi hana umbali wa kulitamani. Mjukuu anao, lakini umbali wake ni ule wa kutoka kwenye tabaga, mafiga na sauti ya mchi wa nyumba ya bibi. Kibanda cha Februari kinamgusa kwa kumkumbusha vitu hivyo. Kimekopa hisia zisizo zake.

Mchapaji mwerevu wa Arua atafika hapa kabla ya msomaji kumaliza ukurasa. Ataipiga picha tabaga ya mtu, ataikuza, ataichapa juu ya alumini na kuiuza kwa wajukuu walioko ughaibuni: haina kiumbe chenye roho, haitaliwa na mchwa, inaingia katika begi la ndege. Kibiashara ni wazo zuri, na kwa sheria za dini halina mgogoro. Lakini aliyekaa wiki kadhaa akipaka rangi na kusuka hatapata shilingi. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inazitambua kazi za sanaa tumizi, ziwe za mikono au za kiwandani, ingawa ni vigumu kudai kwamba mzunguko wa rangi uliofundishwa na bibi kwa mama kwa binti ni mali ya mmoja wao peke yake. Kwa mtaa ambao watu wake wanajuana, naona njia fupi zaidi: jina la msukaji liandikwe nyuma ya bamba, apate fungu lake kwa kila nakala kwa bei waliyokubaliana mbele ya mashahidi, na mteja aonyeshwe pia ile tabaga yenyewe na bei yake. Nadhani wapo watakaogeuka pale dukani wakiwa wameshika ya majani.